Pacha wawili, fedha ya maombi ya mmoja

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi ni mfanyabiashara wa mawese hapa Ujiji. Nina pacha waliomaliza kidato cha sita mwaka huu. Doto, ambaye ni msichana, alisoma PCM, akapata B ya Hisabati na C katika Fizikia na Kemia, naye anataka uhandisi wa umeme. Kurwa, ambaye ni mvulana, alisoma HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), akapata D mbili na E moja, na tangu matokeo yatoke habanduki mwaloni Kibirizi, ambako anapakua dagaa na kulipwa jioni ileile. Chuo anasema hakitaki. Baba yao anashikilia kwamba fedha kidogo tuliyonayo ya maombi ya chuo itumike kwa Kurwa kwanza, kwa kuwa ndiye wa kubaki na ukoo, na Doto akiomba aombe ualimu au uuguzi tu. "Nani atamwoa mwanamke anayepanda nguzo?" ndivyo anavyosema. Mimi niliishia darasa la saba na sina hoja ya kumjibu. Nisaidieni.
Mama Kurwa, Ujiji

JIBU: Mama Kurwa, wengi hutuandikia kuhusu binti anayenyimwa nafasi, na wengine kuhusu kijana asiyetaka shule, lakini ni nadra mambo hayo mawili kutoka katika nyumba moja, tena kwa watoto wa mimba moja.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa mzee ameileta hoja yake kwa mlango wa fedha. Katika kidato cha sita A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1, na kiwango cha chini cha kuomba shahada ya kwanza ni kufaulu masomo mawili yanayohusiana na kozi, yenye jumla ya pointi 4. Kurwa anacho kiwango hicho, ila amesimama juu ya mstari wenyewe, na katika kozi zinazogombewa atapitwa na wengi. Doto ana pointi 7 kwa Hisabati na Fizikia peke yake, masomo ambayo vyuo vya uhandisi huyatazama kabla ya mengine yote. Mzee akitaka fedha yake iende mahali penye matumaini, fomu ya kutanguliza anaijua.

Hata hivyo hamlazimiki kuchagua mtoto mmoja. Tangu mwaka 2017 mwombaji hutuma maombi moja kwa moja chuoni, na kila chuo hutoza ada yake, kwa hiyo anayebahatisha vyuo sita humaliza fedha ambayo ingewatosha watu wawili. Doto achague viwili au vitatu ambavyo sifa zake zinavitosha, baada ya kusoma mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu, na asiende kwa kijana wa stesheneri kumwambia "nijazie popote". Mkopo wa Bodi ya Mikopo nao kila mmoja huuomba kwa jina lake na hupimwa kwa fomu yake. Hakuna foleni ya kifamilia ambamo mvulana hutangulia. Vyeti vya kuzaliwa vihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, mapema, maana hapo ndipo wengi hukwama siku za mwisho. Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023, ni wa waliofaulu sayansi kwa kiwango cha juu kabisa, kwa hiyo msiuwekee bajeti.

Sasa nguzo. Mhandisi wa umeme kazi yake kubwa ni kupanga njia ya umeme, kukokotoa mzigo ambao transfoma itabeba, kusimamia kituo na kusoma mitambo. Mkoa wenu wa Kigoma uliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli kabla wilaya zake hazijaanza kuunganishwa na gridi ya Taifa, na katika Mto Malagarasi kuna mradi wa megawati 49.5. Hatumwahidi Doto ajira, kwa kuwa hakuna kozi leo inayokuja na ajira mkononi, ualimu na uuguzi vikiwemo. Tunachosema ni kwamba kazi ya aina hiyo ipo, tena jirani na kwenu. Na kama hofu ni uzito, mzee akuangalie wewe mwenyewe unapoteremsha madebe ya mawese kutoka kwenye gari.

Ualimu hatuudharau hata kidogo. Anayekujibu alifundisha fizikia kwa miaka kumi na mmoja katika shule moja mkoani Tabora, na ndiko alikojifunza namna pengo la wasichana na wavulana katika sayansi linavyotengenezwa. Katika chumba cha maabara tulikuwa na amita nne, vifaa vya kupimia mkondo wa umeme, kwa wanafunzi hamsini na kitu. Kila kundi likigawiwa amita, mikono ya wavulana ilikuwa imekwisha kuifikia kabla sijamaliza kutoa maelekezo, na wasichana walifungua daftari ili waandike namba walizosomewa. Hakuna aliyewaamuru. Mwisho wa muhula msichana alikuwa na jedwali safi lililopigwa rula, na mvulana alikuwa na vidole vinavyojua waya upi unakwenda wapi. Kisha mtihani wa vitendo ulikuja, ambamo kila mmoja husimama peke yake mbele ya vifaa. Nilichukua miaka mitatu kuliona jambo hilo, na naona aibu kuandika hivyo. Ndiyo maana wasichana wanaofanya mtihani wa kidato cha nne wamekuwa wengi kuliko wavulana kwa miaka kadhaa, ilhali ukumbi wa uhandisi unaendelea kujaa wavulana. Pengo tunalolihesabu siku ya maombi lilianza kidato cha tatu, fizikia na kemia zinapokuwa za hiari.

Hata kanuni isiyomtaja mwanamke inaweza kumwacha nje. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka mhitimu wa kidato cha sita afanye kazi kwanza, kwa kawaida miaka miwili baada ya JKT, kabla ya kuingia chuo kikuu. Lilikuwa kwa wote, lakini miaka hiyo ya kusubiri ndiyo miaka ya posa, na idadi ya wanawake waliodahiliwa ikashuka hata Serikali ikalegeza sharti hilo kwa wasichana mwaka 1976. Basi mkisema Doto "asubiri kidogo, Kurwa atangulie", mjue kusubiri kwake hakulingani na kusubiri kwa kaka yake.

Kuhusu Kurwa, usimwone mvivu. Fedha ya mwaloni huonekana jioni ileile, na fedha ya chuo huonekana baada ya miaka; kijana wa kiume ambaye kila mtu humwuliza ataleta nini nyumbani huchagua ya jioni. Pengo hili hugeuka pia: Uingereza wanawake wamewazidi wanaume vyuoni tangu miaka ya 1990, ingawa huko nako darasa la fizikia bado ni la wavulana. Ila mkumbushe kwamba mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, na mpakuaji hakuwa na cha kupakua. Ikiwa moyo wake uko ziwani, Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi una kampasi hapohapo Kibirizi. Achukue vyeti vyake vya kidato cha nne aende akaulize kozi zinazomfaa. Kumlazimisha shahada asiyoitaka ili ukoo uonekane ni kupoteza mkopo na miaka mitatu.

Kwa mzee, usiende na hoja zote hizi kwa wakati mmoja. Mpelekee karatasi mbili za matokeo, uziweke sambamba mezani baada ya chakula, umwombe azisome mwenyewe.

SWALI: Niko kidato cha pili Kasulu. Mwalimu mmoja ametuambia wasichana tuchague sanaa kwa sababu fizikia itatushusha wastani. Fizikia napata 48. Niiache?
Msomaji wa kike, Kasulu

JIBU: Usiiache, mwanangu. Alama 48 kidato cha pili ni alama ya mtu aliyeanza kuelewa, na ukiiacha sasa, uhandisi, udaktari na ufamasia vitakuwa vimefungwa kabla hujatimiza miaka kumi na saba. Tangu 2024 tahasusi, yaani makundi ya masomo ya kuchagua, za kidato cha tano zimeongezeka hadi 65, lakini zile za sayansi zinazohitaji fizikia bado zinaihitaji. Lipo jambo moja la kufanya wiki hii. Jaribio lijalo likifika, mwambie mwenzako aandike namba, wewe ushike nyaya.