Maneno ya tovuti yangu yanachanwa kwenye simu

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina tovuti ya kuuza dagaa na kayabo hapa Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Kwenye simu maneno marefu yalikuwa yakitoka nje ya skrini. Kijana mmoja akarekebisha, lakini sasa yanakatika popote: "san" juu, "gara" chini. Na bei, "Sh" inabaki mstari mmoja, namba inashuka. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Alichoweka nakijua hata kabla sijaifungua tovuti yako: amri ya CSS (lugha ya kupanga mwonekano wa tovuti) iitwayo word-break: break-all. Kila mara naletewa kurasa zenye ugonjwa huu. Vijana wanaambizana kwamba amri hiyo hukata neno lililozidi. Sivyo! Inakiruhusu kivinjari kukata baada ya herufi yoyote, hata neno fupi ambalo lingeshuka zima. Iondoe, weka overflow-wrap: anywhere. Hiyo hushusha kwanza neno zima, na hulikata pale tu linapokuwa refu kuliko mstari wenyewe.

Kati ya Sh na namba andika   (nafasi isiyokatika) badala ya nafasi ya kawaida. Havitaachana.

Kijana huyo akikuambia atakupangia mistari kwa mkono, kwa alama ya br, kataa. Mistari iliyokaa vizuri kwenye simu yake itavurugika kwa mteja wa Ukerewe aliyekuza maandishi ili asome bila miwani.

Kisha tazama juu kabisa ya ukurasa. Violezo vingi, yaani kurasa zilizotengenezwa tayari, huja na lang="en" (lugha ya ukurasa ni Kiingereza) na hakuna anayejisumbua kuibadilisha. Ukiwasha hapo hyphens: auto, amri ya kukata maneno kwa kistari, Kiswahili chako kinaweza kukatwa kwa kanuni za Kiingereza. Sisi tunakata kwa silabi: sa-nga-ra, ng'o-mbe. Inaniuma kuona lugha yetu inachanwa hivyo kwenye tovuti ambayo mtu ameilipia. Andika lang="sw". Kivinjari kisipokuwa na kanuni za Kiswahili hakitaweka kistari, na ni afadhali hivyo. Neno refu lielekeze mwenyewe kwa ­ kwenye mpaka wa silabi: walio­kaushwa. Kistari kitaonekana tu neno likikatika hapo.

Nanyi wengine mnaotengenezewa tovuti, msitoe hela kwa picha ya skrini aliyowatumia fundi. Aifungue mbele yenu kwenye simu ndogo, akuze maandishi, aigeuze simu ilale, ndipo mlipe.