Kuzuru fukwe walikoteremkia wanajeshi: maswali yenu kuhusu Tanga na kwingineko

Wasomaji kadhaa wameuliza namna ya kutembelea mahali ambapo majeshi yaliteremka pwani wakati wa vita, na wengi wao wanakusudia Tanga, ambako mwanzoni mwa Novemba 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, jeshi la Uingereza lililotoka India lilishuka Ras Kazone na kushindwa vibaya na Wajerumani, ambao wakati huo waliitawala nchi hii. Nimejibu maswali yanayogusa watu wengi zaidi.

Tunakuja Tanga na familia mwezi Desemba kutoka Morogoro. Je, Ras Kazone kuna kitu cha kuona, au ni ufuko tu? (Msomaji, Morogoro)

Ndugu yangu, ukienda ukitarajia mizinga na mahandaki yaliyohifadhiwa utarudi umevunjika moyo, kwa kuwa sehemu kubwa ya rasi hiyo leo ni makazi ya watu, miti na bahari. Kinachostahili kuonwa ni ardhi yenyewe, kwa sababu ardhi hiyo ilikuwa na sehemu kubwa katika kushindwa kwa walioteremka, na mtu hawezi kulielewa jambo hilo akiwa amekaa ndani ya gari.

Fika asubuhi maji yakiwa yamekupwa. Hapo utauona mwamba wa matumbawe ukijitokeza, wenye ncha zinazochana soli za viatu, na mahali penye mikoko utakuta mizizi imetapakaa juu ya tope zito linalonasa mguu hadi kifundoni. Jaribu kupita hapo kwa hatua chache tu, kisha fikiria kupita usiku, ukiwa na bunduki na mzigo mgongoni, baada ya kubanwa melini kwa majuma kadhaa tangu Bombay, na mbele yako kuna ukingo wa kupanda na vichaka usivyovijua. Ndivyo walivyoingia askari wa Jenerali Aitken, ambaye jeshi lake lote lilikuwa na watu wapatao 8,000.

Kutoka rasini tembea kuelekea mjini kwa barabara inayopita Hospitali ya Bombo, mwendo wa kama saa moja. Eneo ambalo leo lina nyumba na bustani lilikuwa mashamba na vichaka, na ndani yake vikosi vilipoteana. Ukifika karibu na mji, tafuta mahali ambapo reli imepita katika bonde lililochimbwa, kwa kuwa hapo ndipo watetezi walipojipanga, na mwisho wa safari yako uwe kituo cha reli. Bila kituo hicho habari ya Ras Kazone haikamiliki. Manowari ya Kiingereza iitwayo Fox ilifika asubuhi ya tarehe 2 Novemba, ikawataka wakuu wa mji wasalimu amri, kisha muda mrefu ukapotea katika kusafisha mabomu ya baharini ambayo hayakuwapo. Wakati huo huo simu ya onyo ilikwisha pelekwa bara, na garimoshi za reli ya Usambara zikaanza kushusha askari kutoka upande wa Moshi. Shambulio la alfajiri ya tarehe 3 lilirudishwa nyuma, na lilipokuja shambulio kubwa la tarehe 4, von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, alikuwa na wapiganaji wapatao 1,000 mjini, wengi wao askari wa Kiafrika. Uvamizi huo ulipotea melini na relini kabla haujapotea vitani.

Kama watoto wamechoka kutembea, kodini baiskeli, chombo ambacho watu wa Tanga wanakitumia sana hadi leo. Von Lettow mwenyewe alieleza baadaye kwamba usiku wa kuamkia tarehe 4 alipita kwa baiskeli katika mitaa iliyokuwa mitupu hadi bandarini, akaziona meli za adui zikiwa zimewashwa taa. Desemba pepo za kaskazi zimekwisha kuanza na joto ni kali, kwa hiyo malizeni matembezi kabla ya saa tano.

Ni kweli kwamba Waingereza walishindwa na nyuki? (Msomaji, Mombasa)

Nyuki walikuwapo, wala si hadithi ya kutungwa. Wenyeji walikuwa wametundika mizinga ya magogo kwenye miti ya mashamba, na risasi zilipoipiga nyuki walitoka kwa wingi wakawauma watu wa pande zote mbili. Baadaye ulizuka uvumi kwamba Wajerumani waliwatega makusudi, uvumi usio na msingi. Lakini ningeomba tusiwaachie nyuki ushindi wote, kwa kuwa kufanya hivyo kunafunika mambo mawili mazito zaidi: makamanda walioidharau nchi wasioijua, na askari wa Kiafrika waliopigana kwa nidhamu kubwa chini ya bendera ambayo haikuwa yao. Waingereza waliondoka tarehe 5 wakiwa na zaidi ya watu 800 waliouawa, kujeruhiwa au kupotea, wakaacha ufukweni mamia ya bunduki na risasi zaidi ya nusu milioni. Silaha hizo zilimsaidia sana von Lettow kuendeleza vita ambamo watu wetu waliteketea hadi Novemba 1918.

Nataka kuwapeleka wanafunzi wa sekondari kwenye makaburi ya vita. Niwaeleze nini, na kuna adabu gani za kufuata? (Mwalimu, Muheza)

Mwalimu, nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya kwenda. Tanga ina makaburi ya vita ya pande zote mbili, na yale ya Jumuiya ya Madola hutunzwa kwa bustani safi na lango ambalo kwa kawaida halifungwi. Wafike wanafunzi wakiwa wamevaa kwa heshima, wasikae juu ya mawe, wasile humo ndani, na kabla ya kupiga picha ya pamoja wapewe muda wa kusoma majina kimya kimya. Wape kazi ya kutafuta majina ya Kihindi, ya Kikashmiri na ya Kiislamu, ili waone wenyewe kwamba jeshi linaloitwa la Waingereza lilijaa watu waliotoka Punjab, Rajputana na milima ya Himalaya, ambao nao walikuwa raia wa makoloni kama babu zao.

Waeleze pia habari ya Kapteni Tom von Prince, Mjerumani aliyeuawa katika mapigano haya. Huyu ndiye Bwana Sakarani aliyeivamia ngome ya Mkwawa pale Kalenga mwaka 1894, kisha akawa mlowezi katika milima ya Usambara. Kwa mwanafunzi anayesoma habari za Wahehe darasani, kujua kwamba mtu huyo huyo aliishia Tanga, miaka 20 baadaye, ni njia nzuri ya kuunganisha sura mbili za kitabu ambazo kwa kawaida hufundishwa kana kwamba hazijuani.

Lakini jambo ambalo ningekuomba ulisisitize kuliko yote ni wapagazi. Vita vya Afrika Mashariki vilibebwa kichwani: unga, risasi, maji, machela ya majeruhi. Wapagazi walichukuliwa kwa mamia ya maelfu na pande zote, nao walikufa kwa maradhi na njaa kwa wingi unaopita kabisa idadi ya waliouawa kwa risasi. Wengi wao walizikwa kandokando ya njia bila jiwe wala jina. Wanafunzi wako wakizoea kuamini kwamba waliokufa ni wale tu wenye mawe meupe, safari itakuwa imewafundisha uongo. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 inawataja wapagazi pamoja na askari katika maandishi yake, nayo inafaa kuonyeshwa japo kwa picha. Wazee wa Muheza wanaweza pia kuwa na masimulizi ya kifamilia. Waulizeni kabla ya safari, kisha yasomeni pale pale makaburini.

Baada ya Ras Kazone, tuwapeleke watoto wapi karibu na Tanga? (Msomaji, Arusha)

Dada, kwa watoto ningeanza na mapango ya Amboni, yaliyo kilomita chache kaskazini mwa mji, pembeni mwa barabara ya kwenda Horohoro. Ni mapango ya mawe ya chokaa yenye popo, vijia vyembamba na mahali ambapo watu bado huenda kutambika, hivyo waambieni watoto wasiguse vitu vilivyowekwa hapo. Chukueni mwongozaji na kila mtu avae viatu visivyoteleza.

Kwa watu wazima, hata hivyo, mimi ningeipa Tongoni nafasi ya kwanza. Iko kusini mwa mji, kwenye njia ya Pangani, nayo ni magofu ya msikiti na makaburi mengi ya nguzo ya mji wa Waswahili uliostawi karne nyingi kabla ya Mjerumani na Mwingereza kugombania pwani hii. Sogelea nguzo moja uitazame vizuri: utaona chokaa iliyopigwa ikalainishwa kwa mkono na vishimo vya mviringo ambamo bakuli za kauri kutoka ng'ambo zilipachikwa kama pambo. Mbele ya mji huo, mwaka 1499, Vasco da Gama aliiacha na kuichoma meli yake São Rafael, kwa sababu hakubakiwa na mabaharia wa kuiendesha. Kwa hiyo katika siku moja mtu anaweza kuona sehemu mbili ambazo wageni wenye silaha walifika kwa bahari, zikiwa zimetenganishwa na zaidi ya miaka 400.

Mkipata nafasi, Jumba la Makumbusho la Urithi lililo mjini lina picha za zamani za Tanga, na Pangani inafaa kulala usiku mmoja. Kisiwa cha Toten, ndani ya ghuba, kiendeeni kwa mashua na nahodha anayejua saa za maji, la sivyo mtakwama topeni.

Mwanangu ameokota kitu kama ganda la risasi ufukweni. Tukitunze nyumbani? (Msomaji, Tanga)

Hapana. Kama ni risasi nzima au kitu kingine chochote ambacho huenda hakijalipuka, msikiguse tena, wekeni alama mahali hapo na mtoe taarifa polisi. Kama ni ganda tupu, lipelekeni makumbusho pamoja na maelezo ya mahali lilipookotwa, kwa kuwa likiwa kabatini kwenu halitamfundisha mtu jambo lolote.

Ninaishi Ubelgiji na nataka kuona fukwe za Normandy. Zinafanana na za Tanga? Na kuna habari zetu huko? (Msomaji, Brussels)

Kwa matunzo hazifanani hata kidogo. Normandy, ambako majeshi ya washirika yaliteremka tarehe 6 Juni 1944, kila kijiji kina makumbusho na vibao vya maelezo. Fukwe tano, yaani Utah, Omaha, Gold, Juno na Sword, zimetawanyika kwa kilomita nyingi, kwa hiyo usijaribu kuzimaliza kwa siku moja: fikia Bayeux, chagua mbili, na uzitembee kwa utulivu. Arromanches nenda maji yakiwa yamekupwa, ili uyaone kwa karibu makasha makubwa ya zege yaliyovutwa kutoka Uingereza kutengeneza bandari ya muda. Baada ya kuona makaburi ya Wamarekani zaidi ya 9,300 huko Colleville, pita pia La Cambe wanakolala Wajerumani zaidi ya 21,000, kwani ukiona upande mmoja tu utaondoka na nusu ya habari.

Ama nyayo za Waafrika, nenda kusini. Kule Provence, tarehe 15 Agosti 1944, jeshi la Ufaransa lililoteremka lilikuwa na askari wengi kutoka Afrika Kaskazini na Magharibi, na baadhi yao wamezikwa Boulouris, karibu na Saint-Raphaël. Askari wa Afrika Mashariki wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Kiingereza la askari wa Kiafrika) wao waliteremka Majunga, Madagaska, Septemba 1942, wakaendelea hadi Antananarivo dhidi ya utawala wa Vichy, yaani serikali ya Ufaransa iliyoshirikiana na Wajerumani. Kama katika ukoo wenu kuna aliyetumikia KAR, waulize wazee alipelekwa wapi, na utafute kitabu chake cha utumishi au medali kabla hujakata tiketi, kwa sababu huenda safari inayokuhusu wewe ni ya Majunga kuliko ya Normandy.