Jibu: Programu inakufa ikiwaka

Kaka, umesema programu yako ya oda za machungwa ya Muheza, uliyoiunda kwa ASP.NET Core (mfumo wa Microsoft wa kutengenezea programu za wavuti), inakufa ikiwaka, ikidai orodha ya huduma (vipande vya programu unavyovisajili ili vitumike kwingine) ni ya kusoma tu. Mstari wa kusajili umeuweka chini ya builder.Build(), amri inayoijenga programu, na hapo mlango umeshafungwa. Upandishe juu yake:

builder.Services.AddScoped<IHifadhiOda, HifadhiOda>();

AddScoped huunda HifadhiOda mpya kwa kila ombi la mteja. Ila usije ukaweka AddSingleton, inayounda moja tu ya kutumiwa na wote. HifadhiOda inashika DbContext (kiungo cha programu na hifadhidata), ambayo kwa kawaida huzaliwa na kufa na kila ombi. Ukiifanya iishi mpaka seva izimwe, wateja wawili watagongana humo humo. Ukiwa kwenye mazingira ya Development (ya kutengenezea) programu itakukatalia mapema, ila kwenye Production (ya kutumiwa na wateja) inanyamaza. Yalinikuta hapa Ngamiani, nikakesha nasaka kosa kwenye SQL, kumbe neno moja tu!