Ski za mlima mzima: anza na mizani, halafu angalia theluji unayoipata kweli

Mkuu mleta uzi, nimesoma swali lako na majibu yote ya juu. Nalirudia kwa ufupi ili wanaoingia sasa wasipotee: una kilo 104, kimo sentimita 174, unakaa Aurora, jirani na Denver huko Colorado, unateleza kwa kiwango cha kati, umechoka kukodi na sasa unataka ski zako mwenyewe za mlima mzima, yaani za kila aina ya theluji. Duka moja limekupima mpaka kwenye paji la uso, likakuchagulia sentimita 168 zenye kiuno (upana wa katikati ya ski) cha milimita 106, kwa hoja kwamba Colorado ni theluji ya unga, ile mpya, laini na isiyoshindiliwa. Shemeji ana kilo 55, naye ameambiwa achukue ski hizo hizo, fupi kidogo. Wengi humu wamekushauri uchukue fupi kwa sababu zinageuka kirahisi. Siafikiani nao. Nitaeleza kwa kirefu, maana kazi yangu ya majira ya baridi ni karakana ya ski kule Silverthorne, mji wa milimani hapa Colorado, na mimi mwenyewe nakaribia kilo 100.

Ski haijui kimo chako. Kinachoikunja ni uzito wako, na ikikunjwa ndipo inapochora kona. Kipimo cha paji la uso ni njia ya haraka ya dukani inayodhani kwamba watu wa kimo kimoja wana uzito mmoja. Kwako wewe dhana hiyo imeshavunjika, maana kuna mtu wa sentimita 174 mwenye kilo 65 atakayepewa ski zile zile.

Halafu sentimita zilizoandikwa kwenye ski nazo zimebadilika maana. Zamani watu wazima waliteleza na ski zinazofika au kupita mita 2, zilizonyooka na nyembamba. Mwaka 1993 kampuni ya Elan walileta ski ya SCX yenye kiuno kilichobonyea sana, na ndani ya miaka michache karibu kila kampuni ikafuata, ski zikafupishwa. Mwaka 2002 kampuni ya Volant wakatoa Spatula, wazo la marehemu Shane McConkey, mteleza ski maarufu, ambayo pua na mkia vimeinuka badala ya katikati. Ilikuwa ya unga wa kina kirefu tu, lakini umbo lile lilishuka mpaka kwenye ski za kawaida, na leo ski nyingi za mlima mzima zina pua iliyoanza kuinuka mapema. Tuiite roka, ndivyo tunavyosema karakanani.

Ukiwa dukani fanya hivi, haichukui dakika moja. Zishike ski zote mbili, zigusanishe tumbo kwa tumbo (upande unaogusa theluji), zibane kwa mkono katikati mpaka uwazi wa pale uishe. Sasa zitazame kwa ubavu, ukifuata mstari wa chuma kuelekea puani. Utaona mahali zinapoanza kuachana. Kuna ski zinaachana karibu kabisa na ncha, na nyingine zinaachana sentimita 30 au zaidi kabla ya kufika ncha. Kipande chote kilichoachana hakishiki chochote ukiwa umesimama wima kwenye theluji ngumu. Kwa hiyo ile 168 uliyopewa, kama ina roka ndefu mbele na nyingine nyuma, saa 3 asubuhi kwenye njia iliyoganda unakuwa umesimama juu ya ski fupi kuliko namba inavyosema, na una kilo 104. Ukiegemea mbele pua inajikunja na kuyumba. Ukiegemea nyuma mkia unachomoka. Hicho ndicho wanachokiita "kugeuka kirahisi", na kwa mtu mwepesi anayejifunza ni sawa, ila kwako kwenye mwendo kitakunyima raha.

Sasa twende kwenye hesabu, maana hapa ndipo hoja ya kiuno kipana inapoanguka. Ski yenye kiuno cha milimita 88 na urefu wa sentimita 177, ukichanganya pua, kiuno na mkia, ina upana wa wastani wa kama milimita 105. Ski mbili zinakupa karibu sentimita za mraba 3,700. Gawa kilo zako: kila sentimita ya mraba inabeba kama gramu 28. Shemeji kwenye ski za sentimita 160 zenye kiuno kama hicho anabeba karibu gramu 17. Ili wewe ufike gramu 17 ungehitaji zaidi ya sentimita za mraba 6,000, yaani ski za sentimita 185 zenye upana wa wastani wa kama milimita 165. Hakuna anayezitengeneza kwa mlima wa kawaida. Kwa maneno mengine, yeye kwenye ski nyembamba ataelea kuliko wewe kwenye zile pana za yule muuzaji. Kiuno hakina maana kamili mpaka ujue nani anasimama juu yake.

Kuongeza milimita 10 za upana kunakupa eneo zaidi kwa kama asilimia 10. Kuongeza sentimita 12 za urefu kunakupa kama asilimia 7, na juu ya hiyo unapata utulivu wa mbele na nyuma, ambao mtu mzito anauhitaji kila siku, kuwe na unga kusiwe na unga. Mwendo nao unakuinua: ukiachia ski zikimbie kwenye theluji laini zinapanda juu zenyewe. Wazito wengi ninaoongea nao wanazama kwa sababu wanafunga breki kwenye unga, na ski ya kiuno 106 haiwatoi hapo.

Tuje kwenye ugumu wa ski. Wengi huukosa hapa, kwa sababu hauandikwi kwenye lebo kama urefu. Fikiria Fuso tupu kwenye barabara ya vumbi inavyorukaruka, halafu fikiria Fuso lile lile likiwa na mzigo wake. Springi ni zile zile. Ski ngumu chini ya kilo 55 ni Fuso tupu: haikunjiki, inarushwa na kila kidonge cha barafu, na mtu anadhani hajui kuteleza. Ski laini chini ya kilo 104 inafika mwisho wake mapema, inabaki kutetemeka. Ushike hivi: simamisha ski, mkia sakafuni, mkono mmoja karibu na pua, mwingine usukume katikati. Rudia kwa ski tatu au nne tofauti na utaisikia tofauti mkononi bila kuambiwa na mtu. Pindisha pia pua kushoto na kulia kama unayetaka kuisokota, maana ugumu wa kusokota ndio unaoshika kwenye barafu.

Nyingi za zile ngumu zina tabaka la titanali ndani. Jina linawadanganya watu: titanali ni aloi ya alumini, haihusiani na titani. Karatasi yake ni nyembamba, kama nusu milimita, lakini zikiwa mbili, moja juu na moja chini ya mbao ya ndani ya ski, zinatuliza mtetemo kwa namna ambayo mtu mzito ataipenda kwenye kona ya kwanza. Blizzard Brahma 88 na Nordica Enforcer zimejengwa hivyo. Völkl Mantra, kiuno 96, imepangwa titanali kwa namna yake na nayo haicheki na mtu. Upande wa pili kuna kama Salomon QST, ambazo ni laini zaidi. Kwa kiwango chako cha kati nakuonya jambo moja: uzito wako utakunja ski ngumu, lakini kwenye matuta ya Mary Jane kule Winter Park mkia mgumu hausamehi mtu anayekaa nyuma. Tafuta ngumu katikati na yenye mkia unaoachia kidogo.

Na theluji? Colorado ni kavu kweli. Sentimita 10 za theluji mpya ya milima yetu, ukiziyeyusha, mara nyingi hazifiki sentimita 1 ya maji, wakati kule Sierra Nevada, upande wa ziwa Tahoe, mara nyingi zinapita hapo, na ndiyo maana wenyewe wanaiita saruji. Lakini ukavu huo una pande mbili. Kwenye theluji nyepesi unazama haraka, ndiyo, ila pia inapeperushwa. Panda Loveland, mlima ulio juu ya handaki la Eisenhower, siku ya upepo uone: upande mmoja wa bonde umekwanguliwa mpaka kwenye gamba gumu, upande mwingine umejaa mpaka magotini. Desemba, kabla mlima haujajaa, unateleza zaidi kwenye njia zilizolainishwa na mashine usiku, nyingine zikiwa na theluji ya kutengenezwa, ambayo ni ngumu. Aprili inaganda usiku, saa 4 asubuhi ni barafu, saa 7 mchana ni uji. Unga wenyewe, Jumamosi, watu wa Denver wote wakiwa wamepanda barabara kuu ya I-70 pamoja nawe, umeshavurugwa kabla ya chakula cha mchana.

Ndiyo maana nasema angalia siku zako ulizonazo. Wewe umesema unapata Jumamosi tu, na kwamba unapenda milima ya Copper na Loveland. Basi theluji yako ni ngumu asubuhi, iliyovurugwa mchana, na unga mara moja moja. Anayefanya kazi mlimani na anaweza kutoka Jumatano dhoruba ikiisha, huyo ana sababu ya kununua kiuno cha 106. Ndugu zetu wa Vermont na New Hampshire, ambako mvua hunyesha katikati ya Januari kisha ikaganda, wao wasivuke 85 au 88 hata wakiwa na kilo 110. Wazito huko waongeze urefu na ugumu, si upana.

Kuna na suala la magoti, na wanaume wazito tunalipuuza. Ukisimamisha ski ubavu kwenye theluji ngumu, makali yanayoshika yako mbali na katikati ya mguu kwa nusu ya kiuno: milimita 44 kwa ski ya 88, milimita 53 kwa ile ya 106. Mkono huo wa wenzo unazidishwa na uzito wako, kona baada ya kona, na kinachozuia ski isilale chini ni kifundo na goti lako. Jioni utayasikia. Mimi nilipotoka kwenye ski pana nikahamia kiuno cha 94, magoti yalitulia msimu ule ule, na sikuona nilichopoteza kwenye unga.

Kwa hiyo wewe: sentimita 177 mpaka 180, kiuno kati ya 90 na 96, yenye titanali, roka ya wastani mbele na ndogo nyuma. Usiogope kwamba zinakupita kimo. Shemeji: karibu sentimita 160, kiuno 84 mpaka 90, mbao nyepesi na titanali kidogo au bila kabisa. Blizzard Black Pearl 88 ni mahali pazuri pa kuanzia kujaribu, na aache kabisa ski zako zilizofupishwa. Ski ile ile ikifupishwa mara nyingi inabaki ngumu mno kwa kilo 55.

Vifungio, vile vinavyoshika buti kwenye ski, usinunue kwa macho. Namba ya kuachia, yaani nguvu ambayo kifungio kinaachia buti ukianguka, inatoka kwenye jedwali linalotumia uzito, kimo, umri, urefu wa soli ya buti na aina ya mteleza. Na hapa kimo kinarudi: uzito na kimo vikiangukia mistari tofauti, jedwali linachukua ule wa chini, yaani unaoachia mapema. Kwako kimo kitakushusha, na usimwombe fundi akupandishie kwa sababu wewe ni mzito. Chukua kifungio ambacho springi yake inafika 12 au 13, ili namba yako ikae katikati badala ya mwisho. Breki za kifungio, zinazoizuia ski isikimbie ikichomoka, ziwe pana kuliko kiuno, ila zisizidi kwa zaidi ya milimita 15 hivi, zisije zikagusa theluji ukilala kwenye kona.

Ukipata za mitumba, angalia vifungio kwanza. Kila kampuni ina orodha ya vile inavyoendelea kuvidhamini, na vikishatoka kwenye orodha karakana nyingi hazitavigusa, sisi hatuvigusi. Kisha pitisha ukucha kwenye makali urefu mzima, tafuta palipopasuka au palipoachana na ubavu, na hesabu matundu ya zamani chini ya kifungio. Mara mbili zimetobolewa, sawa. Mara tatu, ziache.

Kabla ya kulipa, kodi za majaribio jozi mbili siku moja, upite njia ile ile asubuhi ikiwa ngumu na tena mchana ikiwa imevurugwa. Maduka mengi hukata pesa ya majaribio kwenye bei ukinunua. Na ukiweza kusubiri mpaka Machi au Aprili, bei zinashuka.

Nitumie hapa urefu wa soli ya buti zako na za shemeji. Umeandikwa kwa milimita pembeni mwa kisigino, namba kama 315. Nikiupata nitakwambia vifungio vipi vitakaa sawa.