Percy Jackson ukubwani? Soma tu

Ndugu yangu, umeuliza kama mtu wa miaka 40 na ushee anaweza kuanza vitabu vya Percy Jackson, zile riwaya za watoto kuhusu mvulana ambaye baba yake ni mungu wa Kigiriki, bila kujiona mtoto. Anaweza. Mimi nilianza kwa kumsomea binti yangu; yeye akalala, mimi nikaendelea mpaka saa saba usiku.

Sikudanganyi: lugha ni nyepesi na utani mwingine ni wa mtoto wa miaka 12, maana Percy mwenyewe ndiye anayesimulia. Vumilia. Raha yenyewe ni kuona mwandishi wake, Rick Riordan, aliyekuwa mwalimu, anavyozihamishia hekaya za Kigiriki Marekani ya leo. Wale watu katika utenzi wa Homer, mshairi wa kale wa Kigiriki, waliowalisha mabaharia wa shujaa Odysseus tunda la kusahau kwao, hapa wamegeuka kasino ya Las Vegas. Medusa, yule wa nywele za nyoka anayegeuza watu kuwa mawe, naye anauza sanamu za bustani (hapo nilicheka peke yangu kama chizi).

Ila mtoto na mzazi hawasomi kitabu kilekile. Binti yangu anamwona Percy na upanga. Mimi namwona Sally, mama yake, anayevumilia mume mnukaji kwa sababu harufu ile inawapoteza mazimwi wasimnuse mwanawe. Na ile miungu? Akina baba wasioonekana nyumbani, wanaomkumbuka mtoto siku wakiwa na shida naye. Hilo lilinichoma.

Anza na cha kwanza, cha 2005. Ule mfululizo wa mwanzo ni vitabu vitano tu. Filamu ya 2010 iache kwanza.