Sentensi ikijipinga, usikimbilie kuisahihisha

Wanafunzi wengi wakikutana na sentensi inayojipinga huona mwandishi amekosea. Hapo ndipo wanapopoteza alama. Chukua hii, ambayo mtu wa Goma, mashariki mwa Kongo, ataielewa upesi: "Moto uliotubomolea ndio uliotujengea." Iulize maswali matatu. Je, mambo haya mawili yalitokea wakati mmoja? Kitu kinachotajwa kilikuwa katika hali ileile? Neno lina maana ileile pande zote? Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilishuka mjini Goma ikiwaka, ikafunika nyumba. Ilipopoa ikawa mawe meusi, watu wakayapasua, wakajengea misingi na nyua. Nyakati mbili, hali mbili: mgongano umekwisha, ukweli umebaki. Hiyo ndiyo kweli kinzani. "Wagombanao ndio wapatanao" nayo ijaribu hivyohivyo. Mgongano ukibaki palepale baada ya maswali yote matatu, hapo ndipo useme mwandishi amekosea.

Kinaya ni tofauti: sentensi haijipingi yenyewe, inapingana na hali. Mama akimwambia mtoto aliyemwaga bidoni la maji, "Aksanti sana, mwanangu, umenisaidia," hashukuru. Usipojua kilichotokea, kinaya hukioni.

Utata, yaani maneno yaleyale kubeba maana zaidi ya moja, ndio unaosumbua zaidi, kwa sababu katika Kiswahili hujificha ndani ya sarufi. "Mtoto wa mwalimu aliyefika jana": ni nani aliyefika? Mtoto na mwalimu wote wako katika ngeli moja, kwa hiyo "aliye-" inamshika yeyote. Ukisema "gari la mwalimu lililofika jana", utata hauko tena, kiambishi kimeshaonyesha ni gari. Vivyo hivyo "Amani alimkuta Baraka na mkewe." Mke wa nani? Kamusi haitakusaidia hapa. Dawa ni kurudia jina: "na mke wa Baraka".

Utata wa neno moja ni mwepesi kidogo, maana majirani zake husema. "Makala yamepanda bei" hapa kwetu Goma ni makaa ya kupikia. Msomaji wa Dar es Salaam atafikiri habari za gazetini. Tazama maneno ya karibu: gunia, jiko na moshi, au mwandishi, ukurasa na gazeti. Katika barua au tangazo, ondoa maana moja kabisa. Katika shairi, ukikuta majirani wa pande zote mbili, moshi mstari huu na ukurasa mstari unaofuata, usichague: andika maana zote mbili katika jibu lako, na kwa kila moja taja mstari unaoitegemeza.