Daktari Shipman alinaswaje?

SWALI: Hapa Kirumba tumebishana sana kuhusu Harold Shipman, daktari wa Uingereza aliyeua wagonjwa wake kwa sindano. Marehemu walishazikwa, ushahidi ulitoka wapi? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Tamaa ilimponza. Mwaka 1998 alighushi wosia wa bibi wa miaka 81 ili arithi yeye, na taipureta iliyouchapa ilikuwa yake. Mwili wa bibi huyo, mgonjwa wake, ukafukuliwa, wakapima ini na msuli wa paja. Diamofini, dawa kali ya maumivu aliyowadunga, hugeuka mofini mwilini, na mofini haipotei upesi kaburini; daktari mzima kutolijua hilo! Kwenye kompyuta aliwaandikia marehemu maradhi ya uongo kwa tarehe za nyuma, lakini diski ilitunza muda halisi wa kila ingizo. Mwaka 2000 alitiwa hatiani kwa mauaji 15. Tume ya uchunguzi ikahesabu waliouawa 215. Alifia gerezani 2004.